Mayai ya Jumapili

"Weka chini hilo yai."

Konstebo aligeuka, kikaango mkono huu, yai mkono huu. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na katika miezi hiyo hakuwa na mpango wa kumwogopa mtu, hata Inspekta. Mafuta yalikuwa yameshachemka. Akaeleza, kwa utulivu wa mtu asiyeona kosa liko wapi, kwamba katika kapu lile la ushahidi mayai mazima ni matatu tu, kwamba kesi yenyewe inafungwa leo, na kwamba yai haliwezi kukaa stoo mpaka lianguliwe.

Inspekta hakucheka. Alilichukua yai akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa penseli, tarakimu mbili ndogo zilizonyooka: 14.

"Hii ni nini?"

"Labda namba ya kuku aliyelitaga, afande."

"Zima jiko."

Mayai mengine mawili nayo yalikuwa na 14. Inspekta akalivuta kapu kutoka stoo, akatandika gazeti mezani, akaanza kuchambua maganda yaliyogandamana na ute mkavu. Kazi ilinuka, tena ilinuka haswa, na Konstebo akakumbuka ana shughuli nje. Yaliyovunjika yalikuwa manane. Katika manane hayo, sita yalisomeka, na yote sita yaliandikwa vilevile. Inspekta akatazama kalenda ya ukutani ingawa hakuwa na haja ya kuitazama. Leo ilikuwa Jumanne tarehe kumi na sita, kwa hiyo kumi na nne ilikuwa Jumapili, siku aliyokufa mwizi.

Jalada la kesi halikuzidi kurasa nne. Mfugaji wa kuku mwenye umri wa miaka sabini na moja, mgane, mzee wa kanisa, aliingiliwa uani kwake alfajiri ya Jumapili, majira ya saa kumi. Giza lilikuwa totoro. Mwizi alikuwa na panga na kapu. Mfugaji akajitetea kwa mpini wa jembe, pigo moja, mwizi akafa palepale. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaandika juu kwa wino mwekundu kwamba mtu huyu alijitetea na jalada lifungwe. Kilichobaki ni saini ya Inspekta, na Inspekta alikuwa ameahidi kuiweka kabla ya chai ya saa nne.

Alirudia ripoti ya daktari. Kuhusu saa ya kifo daktari hakuwa na la kusema, maana mwili ulimfikia Jumatatu. Kuhusu jeraha alikuwa na la kusema: utosini, kutoka juu kwenda chini. Marehemu alikuwa mrefu kiasi cha kuinama akipita mlangoni. Mfugaji ni mtu wa kimo cha kawaida ambaye mgongo umeshaanza kupinda. Jana Inspekta alilisoma hilo akalipita, leo lilimsimamisha.

Kwenye benchi la mbele ya kaunta palikuwa na mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono imechujuka kwa sabuni. Alikuwa hapo jana pia. Ni dada wa marehemu, kazi yake kufua nguo za watu. Konstebo alikuwa amempa maji ya kunywa na kumwambia arudi nyumbani, akanywa maji na hakurudi nyumbani. Inspekta akaketi kando yake.

Mama huyu hakulia wala hakutetea. Kaka yake, alisema, watu walimwita Sururu, kwa sababu ya kazi yake. Miaka kumi na minane alichimba makaburi katika kiwanja cha kanisa, yeye na sururu yake, mpaka kiuno kikakataa. Kanisa likatafuta wengine wenye nguvu. Baada ya hapo hakuna aliyemuulizia. Kuiba aliiba, tena si mara moja, na alipokuwa akileta kitu nyumbani yeye dada hakukila. Lakini panga hakuwahi kuwa nalo.

"Na alfajiri alikuwa amelala," alisema. "Nilimruka mlangoni nikienda kufua. Saa kumi na mbili. Nilimwambia huyu afande mwenye mvi."

Konstebo, kutoka kwenye kaunta, akasema kwamba ndugu wa mwizi hata siku moja hajasema kitu kingine. Hilo kweli. Ndiyo maana halikuandikwa.

"Unataka nini, dada yangu?" Inspekta akauliza.

"Pa kumlaza. Alhamisi wanamzika na wale wasio na watu. Nimeomba kanisani, wamesema jambazi wa usiku mwenye panga hawezi kulala pale." Akatazama mikono yake. "Wote waliolala pale amewachimbia yeye."

Inspekta hakuahidi kitu. Akachukua yai moja akalifunga kwenye leso, akatoka.

Mchungaji alimpokea katika ofisi ndogo nyuma ya kanisa, yenye meza, viti viwili na ubao mweusi uliosukumwa pembeni. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, na alionekana hajalala sawasawa. Alisema Jumapili ibada ilianza saa tatu na yule mzee mfugaji hakutokea kusoma somo, jambo ambalo halijatokea tangu wiki aliyomzika mkewe. Ibada ilipokwisha, Mchungaji na wazee wawili wakaenda kumtazama. Walimkuta amekaa chini, mgongo ukutani mwa banda la kuku, na maiti hatua tatu mbele yake. Hakulia. Alikuwa ameshika penseli.

"Nani alisema ilikuwa usiku?"

"Mimi. Nilimuuliza, alikuingilia usiku, mzee wangu? Akainamisha kichwa."

"Kwa nini ulianza na usiku?"

Basi Mchungaji akaeleza, na maelezo yake yalikuwa marefu kuliko yaliyohitajika, kama ya mtu aliyejieleza mwenyewe siku mbili bila kuridhika. Sheria ya Musa inamtazama mwizi kwa mwanga. Akikamatwa gizani anavunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu, kwa kuwa gizani hujui kama amekuja kuchukua kuku au kuchukua roho yako. Jua likishatoka, mambo yanageuka. Unamwona, unaweza kuita watu, unaweza kumdai alipe. Ukimuua hapo, damu yake iko juu yako. Somo hilo mzee alilifundisha mwenyewe mwaka jana, darasa la wanaume, na alichora mstari wa chaki katikati ya ubao huu hapa, usiku upande mmoja na mchana upande wa pili.

"Na aliyekuja baada ya Musa?"

"Huyo alisema tuwapende adui. Akiwa msalabani alimpa mwizi nafasi peponi kabla yetu sote." Mchungaji akasugua uso. "Nikihubiri hilo, waumini wananiambia ni rahisi kwangu kuwapenda wezi, sina kuku. Wameibiwa mpaka wamechoka, Inspekta. Jumapili jioni walijaa uani kwa mzee wakimshukuru. Halmashauri imekaa, imesema tusimame naye, na yule asizikwe kwetu. Kura yangu nami niliitoa."

"Uliamini ilikuwa usiku?"

"Nilitaka iwe usiku," alisema Mchungaji, na Inspekta akaona afadhali asimuulize zaidi.

Uani kwa mfugaji viti vya plastiki vya kanisa bado vilikuwa vimepangwa kwa duara, vingi, vyote vitupu. Mtu alikuwa amevifuta vumbi asubuhi hiyo. Mzee alikuwa bandani akibadilisha maji, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, penseli imening'inia kifuani kwa kamba ya buluu. Kuku walikuwa kama sitini, wakilalamika kwa kila kitu kama kawaida yao.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alishtuka, kopo la maji likamwagika. Alimtazama Inspekta, halafu akasema, "Karibu." Akarudia, "Karibu ndani, karibu." Marahaba haikutoka. Inspekta, ambaye katika maisha yake hajawahi kuona mtu mzima wa umri ule akiacha salamu ipotee hewani, alilihifadhi hilo kichwani.

Alianza na panga, kwa kuwa swali la panga lilikuwa jepesi. Akauliza hapa majani ya kuku hukatwa kwa kifaa gani. Mzee akasema kwa panga, na sasa analazimika kuyachana kwa mikono, maana polisi wamelichukua. Alilisema bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo panga lililo kituoni ni lako."

"Ni langu. Lilikuwa limeegemea mlango wa banda, mahali pake."

"Jaladani limeandikwa la mwizi."

"Mimi sikusema la nani. Yule afande mwenye mvi aliuliza, 'Hili ndilo panga lake?' Nikanyamaza."

Inspekta akamwambia aendelee na kazi, yeye atatazama tu. Mzee akapita kwenye viota. Alitia mkono chini ya kuku mmoja, akatoa yai, akalifuta kwa kidole gumba, akashika penseli bila kuitafuta, akaandika, akaliweka kapuni. Mikono ilifanya peke yake, mwenyewe akiwa anaongea habari ya pumba na ukame. Inspekta akaliinua. Liliandikwa 16.

Ndipo mzee, kwa mara ya kwanza, akaongea kama anayeongea na mgeni aliyemtaka. Ilikuwa kazi ya mkewe. Miaka mingi nyuma mteja mmoja alimrudishia trei mbele za watu akidai mayai ni ya zamani, mke akarudi nyumbani analia. Tangu siku hiyo kila yai liliandikwa tarehe linapookotwa, kabla halijagusa kapu. Mke akafa, penseli ikabaki. Hakuna mteja anayejali tena, lakini yai lisiloandikwa linamwasha mkono.

"Huwa unaandika siku hiyo hiyo, au unatanguliza tarehe?"

"Kutanguliza utaandika wapi, na yai halipo?"

"Wanaanza kutaga saa ngapi?"

"Gizani kuku hatagi, anakaa kwenye kichanja kama jiwe. Mpaka apate mwanga wa kutosha. La kwanza labda saa moja na nusu, saa mbili. Wengi wao..."

Hapo mkono wake ukabaki kiotani. Hakukatiza kwa hila, alikatiza kwa sababu alikuwa ameona maneno yake yanaelekea wapi. Inspekta akaifungua leso, akaliweka yai la Jumapili juu ya kiti cha plastiki kilicho karibu, akalishikilia kwa kidole lisiviringike.

"Yamo kumi na moja kapuni mwake, mzee. Yanayosomeka yote ni kumi na nne."

Kuku waliendelea kupiga kelele. Mzee akaja akaketi kiti cha pili, kile chenye yai kikiwa katikati yao. Alilitazama yai, kisha akavitazama vile viti.

"Siku ya mazishi ya mke wangu vilijaa hivi hivi," alisema. "Wakaviondoa Jumatatu yake. Miaka sita, Inspekta. Kanisani wananipa mkono, nyumbani haingii mtu. Redio ikiharibika sisikii sauti ya binadamu mpaka Jumapili. Halafu juzi jioni wanakuja watu arobaini. Wamama wamepika, wameosha vyombo, wamecheka humu ndani. Kijana wa kwaya ameniita baba."

"Kwa sababu ya usiku."

"Kwa sababu ya usiku." Akavuta pumzi. "Sikusema uongo. Niliulizwa, nikainamisha kichwa."

"Kuinamisha kichwa ni kusema, mzee."

"Najua. Nimefundisha hilo pia."

Inspekta akamweleza, kwa haki, kwamba sheria ya serikali haina haja na jua. Inauliza kitu kimoja tu, kama alikuwa hatarini. Anaweza kutafuta wakili, anaweza kukaa kimya, na kwa neno la mkuu wa kituo jalada lingefungwa hata sasa, maana mayai si watu na hayatapanda kizimbani. Alilisema hili lote taratibu na hakulifurahia. Yeye mwenyewe alikuwa akirudi kila jioni kwenye chumba chenye kikombe kimoja, na alijua thamani ya viti arobaini.

"Sheria yako haiangalii jua," mzee akasema. "Yangu inaangalia."

"Basi niambie saa."

"Saa tatu kasoro robo. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia. Nilikuwa nimeokota kumi na moja, nikaacha kapu mlangoni, nikaingia kuvaa viatu vya kanisani. Nikasikia kuku wanashtuka. Wameniibia mara nne mwezi huu, nikachukua mpini wa jembe kule nyuma ya mlango. Nikatoka." Alisugua magoti. "Alikuwa amesimama hapo uliposimama wewe, na kapu mkononi. Jua limempiga usoni. Sururu. Nilimjua. Yeye ndiye aliyemchimbia mke wangu, na mvua ile, alichimba peke yake tangu asubuhi, akakataa hata chai mpaka amalize. Mwaka mzima nilikuwa nampita njiani najifanya namtafuta mtu mwingine."

"Alikutishia?"

"Hapana."

"Alikimbia?"

"Angekimbia ningemwacha. Naapa ningemwacha. Aliweka kapu chini. Polepole, ili yasivunjike. Akainama palepale, akaniamkia. Shikamoo, mzee. Kama ninyi wote mnavyoniamkia. Na mimi nikaona anavyoinama, na mayai ya mke wangu pale miguuni, na aibu yangu mimi ikanipanda kichwani, sijui ilikuwa hasira au aibu. Nilimpiga akiwa bado ameinama."

Utosini, kutoka juu kwenda chini. Inspekta hakuwa na haja tena ya kumpigia daktari. Alitoa karatasi ya maelezo, akaketi, akaiweka juu ya paja, akaandika kwa mkono wake usio mzuri yote kama yalivyosemwa, na mzee akamngoja bila kumharakisha. Alipofika kwenye saa, mzee akanyoosha kidole.

"Hapo andika kwamba jua lilikuwa limeshatoka."

"Saa inatosha, mzee. Fomu haina nafasi ya jua."

"Andika pembeni."

Inspekta akaandika pembeni. Mzee akaweka saini. Kisha akaomba dakika kumi, akajaza maji, akamwaga chakula cha siku mbili, akaokota mayai mengine sita na kuyaandika tarehe. Alipofika kwenye viti akataka kuvipanga kimoja juu ya kingine, Inspekta akamsaidia. Kanisa lingevihitaji.

Walitembea mpaka kituoni bila pingu. Njiani watu watatu walimpungia mzee mkono, na mmoja akamwita shujaa wetu. Mzee hakujibu mkono hata mmoja.

Konstebo alikuwa kaunta. Inspekta akamwekea ile karatasi mbele, Konstebo akasoma mstari wa kwanza, akafika pembeni palipoandikwa habari ya jua, akavua miwani. Akafungua kitabu cha mahabusu, akatafuta kalamu inayoandika.

Dada wa Sururu alikuwa bado kwenye benchi. Hakuwahi kuonana na mfugaji. Aliona tu mzee wa watu anaingia, mgongo umepinda, shati limefungwa mpaka shingoni, naye alikuwa mtu aliyelelewa. Akainuka, akampisha njia, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mzee akasimama. Inspekta alikuwa nyuma yake na hakumsukuma. Konstebo akaacha kuandika. Pale mlangoni mzee alifungua kinywa mara mbili, mikono imeishika ile penseli ya kifuani, na mwanamke akabaki ameinama akingoja, kwa kuwa salamu ikishatoka hungoja jibu lake.

"Marahaba," mzee akasema. Ilitoka kwa taabu, na haikuwa ya dada peke yake. "Marahaba, mwanangu. Kaa chini. Mimi ndiye ninayedaiwa na kaka yako hii salamu."